MRI ya ubongo kwa mtoto wa miezi 9: tuombe picha zipi, na zitangulie zipi?

Kliniki_Wete

Assalaam alaykum. Kuna mtoto wa kiume wa miezi 9, kilo 8, anatakiwa MRI ya ubongo (picha za kutumia sumaku). Mimba ilifika wiki 39, alichelewa kulia alipozaliwa, na siku ya 3 akapata manjano yaliyohitaji kuwekwa kwenye taa. Mpaka leo hakai bila kushikwa, miguu inakakamaa akinyanyuliwa, na wiki 3 hizi anapata vifungu vya kujikunja ghafla, mara nyingi akishaamka tu. CT ya kichwa (picha za vipande za eksirei) ilisomwa "kawaida".

Kutoka Pemba safari hii si ndogo: boti, pahala pa kulala, siku za kazi za baba. Zikirudi picha zisizojibu swali, ni vigumu kuwaambia wazee wake wavuke bahari mara ya pili. Fomu ya maombi kwa kawaida huandikwa "MRI ya ubongo" na basi. Naomba kujua tuandike nini, sikwensi zipi, yaani aina zipi za picha, zina maana kwa umri huu, ianze ipi, na mtoto atayarishwe vipi.

Radiolojia_Watoto

Waalaykum salaam, Daktari. Kabla ya picha, hivyo vifungu. Kujikunja kwa mfululizo mtoto akiamka, katika umri wa miezi 3 hadi 12, kuchukuliwe kuwa ni kifafa cha mikazo cha watoto wachanga mpaka ithibitike vyengine. Afanyiwe EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), na iwe ile inayomkuta akilala na akiamka, kisha dawa ianze. Matibabu hayasubiri MRI hata siku moja. Mtoto anayeachwa wiki nyengine 3 kwa kungoja nafasi ya mashine anapoteza kile ambacho picha haitamrudishia.

Dawa ikianza, iandike kwenye fomu pamoja na tarehe. Steroidi, zinazotumika kwa kifafa hiki, zinaweza kuufanya ubongo uonekane umenywea kwa muda, halafu ukarudi. Vigabatrini, dawa nyengine ya kifafa hiki, nayo huweza kutia mng'ao wa pande mbili zinazolingana kwenye globasi palidasi na talamasi (vituo vya kina katikati ya ubongo) na sehemu ya nyuma ya shina la ubongo. Msomaji asiyejua kuwa mtoto yumo kwenye dawa hiyo ataandika ugonjwa wa umetaboli (wa kemia ya mwili), na wazee watahangaika bure.

Sasa picha. Ubongo wa miezi 9 si ubongo wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Una maji mengi zaidi, na mailini, ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva, bado inajengwa. Inaanzia chini kwenda juu, nyuma kwenda mbele, katikati kwenda pembeni. T1 na T2 ni aina mbili kuu za picha za MRI: mailini huwa nyeupe kwenye T1 na huingia giza kwenye T2. Kwenye T1 ubongo hufanana na wa mtu mzima karibu na mwaka 1. Kwenye T2 ni karibu na miaka 2. Kwa huyu wa miezi 9, T1 ionyeshe weupe kwenye mguu wa mbele na wa nyuma wa kapsula ya ndani (njia ya nyuzi katikati ya ubongo), na kwenye kopasi kalosamu yote (daraja la nyuzi baina ya nusu mbili za ubongo). Kwenye T2 ncha ya nyuma ya kopasi kalosamu iwe imeshaingia giza tangu miezi 6, na ya mbele tangu miezi 8. Kama havipo, hapo pana la kusemwa, lakini msomaji ataliona tu akipewa T1 na T2 zote mbili. Ndiyo maana umri uandikwe kwa miezi, na aliyezaliwa njiti uandikwe na umri uliosahihishwa.

FLAIR, aina ya T2 inayozima mng'ao wa maji, ambayo kwa mtu mzima ndiyo tegemeo, kwa umri huu huchanganya zaidi kuliko kusaidia, kwa sababu sehemu nyeupe isiyokomaa inatoa mng'ao wenye viraka viraka. Naiweka mwisho, na muda ukiwa mdogo naiacha.

Ninazoomba ni hizi: T1 ya pande tatu yenye vokseli (chembe moja ya picha) ya milimita 1 kila upande, T2 ya kukata mlalo na nyengine ya koronali (ya kukata wima, sikio hadi sikio), vipande vya milimita 3 au chini yake, DWI (inayoonyesha mwendo wa maji ndani ya ubongo) pamoja na ramani yake ya vipimo, ADC, na SWI (inayoonyesha damu na chokaa). T2 iwe na TE ndefu (muda wa kungoja ishara), baina ya milisekunde 120 na 160, na TR (muda baina ya pigo na pigo) isiyopungua 5000. Ile TE ya 90 au 100 iliyowekwa kwenye mashine kwa watu wazima itatoa picha ya kijivu ambayo gamba la ubongo na sehemu nyeupe havitengani.

Historia uliyoitoa ina njia mbili tafauti za kuumia, na zinaacha alama pahala tafauti. Kukosa hewa kwa ghafla na kwa ukali hupiga sehemu ya nyuma ya putameni (kituo chengine cha kina), talamasi upande wa chini na nje, na gamba la pande mbili za mfereji wa kati. Kukosa hewa kwa kiasi lakini kwa muda mrefu hupiga mipaka baina ya maeneo ya mishipa mikubwa ya damu, na baadaye gamba hunywea zaidi kwenye kina cha mikunjo yake kuliko juu. Manjano yaliyopanda sana hupiga globasi palidasi, ambayo kwa umri huu hung'aa kwenye T2 pande zote mbili. Kwa hivyo neno "manjano" lisikose kwenye fomu, na kama kiwango cha bilirubini kinajulikana kiandikwe. Huku kwetu pwani upungufu wa G6PD (kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu), unaoweza kuleta manjano, upo, basi nao uulizwe.

DWI haitamsaidia kwa jambo la kuzaliwa. Jeraha la kukosa hewa huonekana vizuri kwa DWI baina ya siku ya 3 na ya 5, na ikifika wiki 1 hivi linaanza kujificha. Naiomba kwa sababu ya mengine: ugonjwa wa umetaboli, kiharusi kipya, usaha. Isitoshe ni dakika 1 au 2 tu.

Andika hivi: "Mtoto wa kiume, miezi 9, wiki 39, kilo 8. Alichelewa kulia. Manjano siku ya 3, taa. Vifungu vya kujikunja kwa wiki 3, EEG tarehe fulani, dawa fulani tangu tarehe fulani. Hakai, miguu inakakamaa. Mzingo wa kichwa sentimita kadhaa. CT haikuonyesha kitu. Swali: je, kuna jeraha la putameni, talamasi au palidasi, kuna hitilafu ya maumbile ya gamba, kuna vinundu pembeni mwa ventrikali?" Ventrikali ni vyumba vya maji ndani ya ubongo. Na kabla ya kuandika, mvue nguo umtazame ngozi yote, kwa taa ya urujuani ikiwepo. Mabaka meupe yenye sura ya jani yanaelekeza kwenye tubarasi sklerosisi (ugonjwa wa kijenetiki unaotia vinundu kwenye ubongo), na swali la mwisho linakuwa la kwanza.

Koili_na_Kanga

Nakubaliana na daktari kuhusu sikwensi. Kuhusu mpangilio naongeza la vitendo. Mtoto aliyepewa dawa ya usingizi hulala vizuri zaidi dakika 15 za mwanzo. Muda huo apewe picha ndefu isiyostahamili kutikisika, nayo ni T1 ya pande tatu, dakika 5 hivi. Mtoto akigeuza kichwa mara moja, picha nzima inaingia mawimbi. Kisha T2 mbili, dakika 2 hadi 3 kila moja, kisha SWI dakika 4. DWI naiweka nyuma: kila kipande huchukuliwa kwa sehemu ya sekunde, kwa hivyo mtoto akianza kuamka unapoteza vipande vichache tu. Pia ina kelele kali kuliko zote, na ikitangulia ndiyo inayomwamsha. Jumla, pamoja na picha ya kutafutia nafasi, ni dakika 20 hivi.

Kumlaza ndipo wengi wanapokosea. Koili ya kichwa, antena inayopokea ishara, imetengenezwa kwa mtu mzima. Mtoto wa miezi 9 ana shingo fupi, mabega yanagonga ukingo wa koili na kichwa kinabaki mlangoni, pale ambapo mawimbi hayapokelewi sawasawa. Matokeo yake shina la ubongo na serebela vinatoka hafifu, na lawama inaangukia mashine. Weka godoro jembamba chini ya mabega, mgongo na makalio, unene wa sentimita 3 hadi 5, mpaka kichwa kizame katikati ya koili. Pembeni jaza sponji pande zote mbili, kwa kukaza kidogo. Kwa mtoto mchanga wa siku chache koili ya goti inafaa kuliko ya kichwa.

Upana wa picha upunguzwe kutoka milimita 230 au 240 za mtu mzima hadi 180 au 200. Usiteremshe zaidi ya hapo kwa tamaa ya ukali wa picha. Vokseli ikipunguzwa nusu kila upande, ishara inabaki thumuni, na kuirudisha kwa kurudia kungetaka marudio 64. Hakuna mtoto atakayelala muda huo.

Masikio: vizibo ndani, kisha vifuniko vya nje vya saizi yake. Kelele hupita desibeli 100. Uzito ingiza kilo 8 kamili, maana mashine inahesabu nishati inayoruhusiwa kuingia mwilini kwa kufuata uzito. Kwa kichwa mpaka ni wati 3.2 kwa kilo. Mkono usigusane na paja ngozi kwa ngozi, tia kitambaa katikati. Waya wowote usipigwe kitanzi, kwani waya uliojikunja huunguza.

La kwetu hasa: hirizi. Ipo ya shingoni, ya kiunoni, hata ya mkono iliyofichwa chini ya nguo, na nyengine ina kibati au risasi ndani. Muulize mama faragha, kwa heshima, umwambie sumaku inavuta chuma na kitu kitarudishwa mkononi mwake mara mtoto akitoka. Akiulizwa mbele ya watu atasema haipo. Uliza pia shanga, vipuli na pini ya nguo. Wanja wa machoni usipakwe tangu siku mbili kabla, na uliopo usafishwe kwa mafuta. Wanja wenye chembe za chuma hutia giza kwenye macho na sehemu ya mbele ya ubongo. Mama akiingia na mtoto, pini za mtandio, bangili na simu vibaki nje. Sumaku haizimwi usiku wala mchana.

Usingizi_Mjini

Nitajibu la matayarisho, kwa sababu makosa mengi ya siku ile yameshafanyika nyumbani.

Mtoto asilale na njaa usiku kucha. Sheria ya kawaida ni saa 6 bila uji, maziwa ya kopo au chakula. Saa 4 bila maziwa ya mama. Saa 2 bila maji safi. Miongozo ya Ulaya ya 2022 imepunguza, saa 3 kwa maziwa ya mama na saa 1 kwa maji, lakini fuateni ile ya timu itakayomlaza. Miadi ikiwa saa 4 asubuhi, anyonye mara ya mwisho saa 12 alfajiri, na maji, hata yenye sukari kidogo, hadi saa 2. Mama aandikiwe saa hizi kwenye karatasi. Mtoto wa kilo 8 aliyetapika kwenye boti jana yake, halafu akafungishwa tangu magharibi, anafika hana maji mwilini, sukari imeshuka, mshipa hauonekani. Wafike siku moja kabla.

Dawa za kifafa zisikatishwe. Apewe saa yake ileile na maji kidogo. Mara nyingi familia huziacha kwa kudhani ni sehemu ya kufunga, na mtoto anapata degedege mlangoni mwa chumba cha sumaku. Kama yumo kwenye prednisoloni (steroidi), hilo nalo tuambiwe.

Akiwa na mafua yenye homa, kikohozi au kifua kinacholia, pigeni simu kabla ya kukata tiketi. Mara nyingi tunaahirisha wiki 2 hadi 4, kwa sababu njia ya hewa inakaza upesi na ndani ya mashine tunamwona miguu tu.

Kuhusu dawa yenyewe na kiasi chake, hilo huamuliwa na atakayemlaza baada ya kumpima. Isitolewe dawa yoyote ya kulaza kabla ya safari "ili afike ametulia". Mnachotakiwa kuuliza kituo ni vitu vitatu. Je, kipimo cha oksijeni ya damu ni kile kinachoruhusiwa ndani ya sumaku, chenye waya wa nuru? Je, oksijeni inatoka ukutani au kwenye mtungi wa alumini? Mtungi wa chuma ukivuka mlango huo unaruka kama kombora. Na je, kuna mtu atakayekaa kumwangalia mtoto peke yake, asiyeshughulika na picha? Jibu moja likiwa hapana, tafuteni kituo chengine.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 ni habari nyengine. Huyo hahitaji dawa: nyonyesha nusu saa kabla, mfunge kanga barabara, masikio yazibwe, taa zipunguzwe. Kwa miezi 9 njia hii hufaulu kwa nadra.

Kliniki_Wete

Nimefahamu, Mungu awalipe. Suala la pili. Kituo kinasema kina spektroskopia (kupima kemikali za ubongo) na DTI (kuchora njia za nyuzi), na kwamba mashine ni ya Tesla 3 (kipimo cha nguvu ya sumaku). Familia pia imeambiwa na jirani kuwa MRI bila ya sindano ya dawa "haijakamilika". Tuviombe vyote?

Fizikia_ya_Picha

DTI, hapana. Inachora njia za nyuzi vizuri na inapendeza kutazama, ila huchukua dakika 4 hadi 6 na namba zake hubadilika kwa mwezi wa umri, kwa mashine na kwa idadi ya pande zilizopimwa. Bila ya vipimo vya watoto wazima wa umri huohuo kwenye mashine ileile, daktari wa Pemba hatabadilisha chochote katika matibabu. Ina nafasi yake pale mpasuaji anapotaka kujua njia ya mwendo ya mkono inapita wapi karibu na uvimbe. Ni hivyo hivyo kwa MRI ya kazi za ubongo: hiyo inataka mtoto anayefuata maagizo, wa umri wa kwenda skuli.

Spektroskopia, ndiyo, na kwa sababu moja kubwa: upungufu wa kreatini (kemikali ya nishati ya ubongo). Mtoto wa namna hii huchelewa na hupata kifafa, picha zake zinaweza kuwa safi kabisa, na kwenye spektroskopia mnara wa kreatini wa ppm 3.0 (pahala pake kwenye mchoro) haupo. Aina zake mbili zinatibika kwa kreatini ya kunywa, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo bora. Dakika 4 kwa kutafuta ugonjwa unaotibika ni biashara halali. Weka kisanduku cha milimita 20 kila upande juu ya beseli ganglia (vile vituo vya kina), kisiguse ventrikali wala mfupa. Chukua TE ya 35. Ukitaka laktati (tindikali inayopanda nishati ya seli ikiharibika), ambayo hukaa ppm 1.33 na minara miwili midogo, ongeza TE ya 144, ambapo inapinduka chini ya mstari. Kwenye Tesla 3 laktati ya 144 huweza kupungua hadi ikapotea bila ya kuwa haipo, basi hapo tumia 288.

Mtego wake ni kusoma. Kwa mtu mzima minara hupanda kutoka kolini kwenda NAA, kemikali nyengine mbili za ubongo, kama ngazi. Kwa mtoto mdogo kolini iko juu na NAA bado iko chini, na hiyo ni kawaida yake. Ripoti ya "NAA imepungua, kolini imepanda" kwa miezi 9 bila ya kulinganisha na umri isipokelewe.

Tesla 3 ni nzuri kwa gamba la ubongo, lakini Tesla 1.5 iliyowekwa vipimo vya mtoto inaishinda Tesla 3 iliyoachiwa vipimo vya mtu mzima. Msichague kituo kwa namba hiyo peke yake.

Radiolojia_Watoto

La sindano: kwa kifafa na kuchelewa ukuaji, haihitajiki. Gadoliniamu, ndiyo dawa ya sindano hiyo, hutolewa tukishuku usaha, homa ya uti wa mgongo, uvimbe, au alama nyekundu ya kuzaliwa usoni inayoelekeza ugonjwa wa Sturge-Weber (wa mishipa ya damu ya ubongo). Ikilazimu, iwe ya aina ya pete (makrosaikliki), milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa kilo 8 ni milimoli 0.8, yaani mililita 1.6 ya dawa yenye milimoli 0.5 kwa mililita. Soma kichupa: ipo nyengine yenye milimoli 1 kwa mililita, na hiyo ni mililita 0.8 tu. Kosa la kutoa mara mbili linaanzia hapo.

Na hiyo CT "kawaida" isiwatulize. CT huona damu, maji yaliyojaa na chokaa. Hitilafu ndogo ya gamba na globasi palidasi iliyoumia hupita bila ya kuonekana. Lakini msiitupe, ipelekwe pamoja na mtoto, kwa sababu chokaa huisoma vizuri kuliko MRI.

Mvuvi_wa_Data

Naingilia kidogo. Zile mashine ndogo za kusukumwa hadi kitandani hazimalizi tatizo hili kwa Pemba?

Fizikia_ya_Picha

Kwa baadhi ya maswali, ndiyo. Swoop, mojawapo ya mashine hizo, ina Tesla 0.064, uzito wa kilo 630 hivi, inachomekwa umeme wa ukutani na haihitaji chumba cha kinga. Marekani iliruhusiwa 2020. Kwa kichwa kinachojaa maji, kutazama ventrikali na kufuatilia baada ya upasuaji, inatosha, na mama anakaa pembeni. Na sumaku dogo si jambo la kudharau: Blantyre, Malawi, walitumia mashine ya Tesla 0.35 kwa watoto wenye malaria ya ubongo, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha uvimbe mkali wa ubongo kwa 84% ya waliofariki na 27% ya waliopona. Swali lao lilikuwa la ukubwa wa ubongo, na mashine ililijibu. Swali la mtoto huyu ni la gamba lenye unene wa milimita chache, na vipande vya milimita 5 havitalijibu.

Koili_na_Kanga

Jambo la kurudi nalo. Waombe picha zote kwa mfumo wa DICOM (faili asili za picha) kwenye CD au flashi, na mjaribu kuifungua palepale kabla ya kuondoka. Filamu mbili na ripoti ya nusu ukurasa hazisomeki upya na mtu mwengine, wala T1 ya pande tatu haigeuziki upande kwenye filamu. Nakala moja abaki nayo mama, ndani ya bahasha ngumu, mbali na unyevu wa bahari.

Radiolojia_Watoto

Na nakala hiyo itahitajika. Baina ya miezi 6 na 12 kuna kipindi ambacho gamba na sehemu nyeupe zinakaribiana rangi, na dosari ndogo ya gamba huzama humo. Kwa hivyo picha ikitoka safi na vifungu vikaendelea licha ya dawa, ripoti isiandikwe "hakuna dosari" na faili likafungwa. Iandikwe irudiwe akiwa na miezi 24 hadi 30, mailini ikishajaa. Safari hiyo FLAIR ya pande tatu ya milimita 1 iwepo, pamoja na T2 ya koronali iliyokatwa kwa pembe mraba na urefu wa hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu), vipande vya milimita 2. Tarehe ya kurudia waandikieni wazee leo hii kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.